Waraka kwa Waebrania haumtaji Paulo
Wengi wetu tumefundishwa kwamba Waebrania ni waraka wa Paulo. Usome tena: hauna jina la mwandishi popote, ilhali nyaraka za Paulo huanza kwa jina lake. Tena, 2:3 inasema wokovu ulithibitishwa "kwetu" na wale waliomsikia Bwana. Paulo, katika Wagalatia 1:12, anakana katakata kwamba alifundishwa injili na mwanadamu. Kwangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Hata waandishi wa kanisa la mwanzo hawakuafikiana: Tertullian alimtaja Barnaba, mwenzake Paulo, kuwa ndiye mwandishi, na Origen, katika karne ya 3, akasema aliyeuandika anajulikana na Mungu pekee. Hata hivyo Waebrania ni wa zamani kweli, maana waraka wa Klementi, kiongozi wa kanisa la Roma, unaokadiriwa kuwa wa mwishoni mwa karne ya 1, tayari unatumia maneno yake.