Kipandauso kinachopooza upande mmoja wa mwili: maswali na majibu

Kipandauso kinaweza kumpooza mtu?

Kinaweza, ingawa ni nadra. Wengi wetu tunakijua kwa kichwa kinachogonga, kichefuchefu na kuchukia mwanga. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na dalili za muda ambazo madaktari huziita aura: mistari inayometameta yenye ncha kama meno ya msumeno, ganzi, au maneno kugoma kutoka. Katika aina hii, inayoitwa kipandauso cha hemiplejia, huongezeka udhaifu wa mkono, mguu, pengine hata uso, upande mmoja. Denmark walipotafuta wagonjwa wao nchi nzima, walikuta takriban mtu 1 katika kila 10,000.

Si ndiyo kiharusi chenyewe?

Hapana. Kwenye kiharusi mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo inakufa. Kwenye kipandauso hiki seli za ubongo husisimka kupita kiasi kisha hunyamaza, na hali hiyo husambaa juu ya gamba la ubongo kama wimbi. Aristides Leão, mtafiti kutoka Brazili, alilieleza wimbi hilo mwaka 1944 baada ya kuchunguza ubongo wa sungura. Hutembea milimita 2 hadi 5 tu kwa dakika, konokono angelipita. Likifika eneo la kuona, mtu anaona vimulimuli. Likifika eneo linaloongoza misuli, kikombe kinamponyoka. Likishapita, nguvu hurudi, kwa kawaida ndani ya saa 72, japo wako wanaokaa hivyo wiki kadhaa.

Basi nitatofautishaje nikiwa nyumbani?

Mara ya kwanza, usijaribu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nyumba nyingi hupoteza muda hapa: mmoja anasema ni upepo mbaya, mwingine anatafuta mafuta ya kuchua. Yeyote anayelegea upande mmoja kwa mara ya kwanza ni mgonjwa wa kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina dirisha la saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na usimpe aspirini njiani. Kama mshipa umepasuka, utamwongezea kuvuja damu.

Kazi yako wewe ni kuangalia saa na kukumbuka mpangilio. Kiharusi huja mara moja, kama taa iliyozimwa. Aura hutambaa: ganzi inaanza vidoleni, dakika kumi baadaye iko kwenye kiwiko, kisha mdomoni, na dalili moja inaipisha nyingine. Mgonjwa mwenyewe huenda amechanganyikiwa au hawezi kusema, kwa hiyo maelezo ya aliyekuwa pembeni yake yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Daktari anathibitishaje?

Kwanza kwa kusikiliza. Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Vigezo vya kimataifa vinataka mashambulio yasiyopungua mawili, yenye udhaifu unaoisha kabisa pamoja na dalili za kuona, za hisia au za usemi. Kabla ya hapo lazima mengine yaondolewe. Sukari hupimwa papo hapo, maana ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi. Kwetu huku, mgonjwa akiwa na homa, malaria kali na homa ya uti wa mgongo huangaliwa mapema. Huulizwa pia kama alipata degedege, kwani kifafa huweza kuacha mkono umelegea kwa saa kadhaa. Kisha hupigwa picha ya ubongo kwa CT skani au, ikipatikana, MRI.

Ni ugonjwa wa ukoo?

Mara nyingine. Jeni ya kwanza ambayo kasoro yake huleta ugonjwa huu, CACNA1A, ilitambuliwa mwaka 1996. Zikafuata ATP1A2 na SCN1A. Zote zinahusika na milango na pampu zinazopitisha kalsiamu, sodiamu na potasiamu kwenye seli za ubongo. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Lakini wapo wagonjwa wasio na ndugu hata mmoja mwenye tatizo, na kipimo cha jeni kikitoka safi hakifuti ugonjwa. Kwa hiyo usiuze shamba kukitafuta. Muulize bibi kama kuna mtu kwenye ukoo aliyekuwa "akipooza na kupona".

Jambo moja la kuwaambia walimu: kwa baadhi ya watoto wa koo hizi, kugongwa kichwa kidogo tu mpirani huweza kuleta shambulio kali, hata kupoteza fahamu.

Tiba ni ipi?

Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli, ibuprofeni au dawa nyingine za jamii hiyo, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika. Dawa za kundi la triptani, mfano sumatriptani, na ergotamini, zinazotumika kwa kipandauso cha kawaida, maelekezo yake yanakataza kwa aina hii, kwa kuwa hubana mishipa ya damu. Ndiyo maana kununua dawa ya jirani dukani ni hatari. Hata dawa za maumivu za kawaida, zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huzalisha maumivu ya kichwa.

Mashambulio yakizidi, daktari huweza kuanzisha dawa ya kinga ya kila siku: verapamili, flunarizini, lamotrijini, topiramati au asetazolamidi. Ushahidi wake unatokana na wagonjwa wachache, hivyo kubadilisha dawa mara mbili tatu hakumaanishi daktari anabahatisha. Mwanamke amweleze anayempa uzazi wa mpango kuhusu aura yake; vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya kiharusi, na njia zisizo nayo zipo.

Nikishathibitishwa, bado niende hospitali kila mara?

Si lazima kama shambulio linafanana na yaliyotangulia. Lala chumba chenye giza, na usile wala kunywa kama mdomo umelegea. Nenda haraka ikiwa kuna homa, degedege, usingizi mzito usioamshika, au ikiwa safari hii udhaifu umekuja ghafla bila kutambaa. Beba kadi pochini yenye jina la ugonjwa na dawa usizotakiwa kupewa, maana siku hiyo huenda ulimi usikusaidie kueleza.