C. difficile: ukitaka kujua alikopita, usimhesabu tu

Kuna harufu ambayo mtu wa maabara akishaizoea haimtoki: zizi la farasi. Fungua sahani iliyokaa saa 48 kwenye kabati lisilo na oksijeni. Ikikupiga harufu hiyo, na ukiona makundi ya bakteria yenye kingo zilizochanika kama kioo kilichosagwa, ujue ni Clostridioides difficile. Huko wodini kuna mtu anaharisha.

Mara nyingi ni mzee aliyeletwa kwa jambo jingine kabisa, nimonia au nyonga iliyovunjika, akapewa antibiotiki. Dawa ikafyeka bakteria wema wa utumbo mpana, na huyu akaota kama magugu kwenye shamba lililoachwa. Sumu zake huchubua ukuta wa utumbo. Lakini kinachotusumbua sisi wa kudhibiti maambukizi ni spora, mbegu zake ngumu zinazoweza kukaa miezi kwenye reli ya kitanda. Sanitaiza ya alkoholi haiziui. (Nimegombana na watu wengi kwa hili. Ukimhudumia mgonjwa wa kuhara, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi.)

Uingereza ilizilazimisha hospitali zake kuripoti wagonjwa wa miaka 65 na zaidi tangu 2004, kisha mwaka 2007 ikashusha umri hadi miaka 2. Haikushuka zaidi kwa sababu watoto wachanga wengi humbeba mdudu huyu bila kuugua, na ukiwahesabu umechafua takwimu. Mwaka wa 2007/08 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 55,000. Muongo mmoja baadaye walikuwa kama 13,000. Nini kiliwashusha? Wapo wanaosema usafi. Mimi nasema antibiotiki, hasa kubanwa kwa matumizi ya sipro (siprofloksasini) na antibiotiki za jamii yake. Utafiti wa Oxford uliotoka 2017 ulionyesha kwamba zilizopungua ni aina sugu kwa dawa hizo, huku zisizo sugu zikibaki palepale. Ingekuwa ni deki na klorini pekee, zote zingeshuka pamoja.

Usugu huohuo ndio uliomsafirisha aina ya 027 ya mdudu huyu, aliyeitikisa Quebec, Kanada, miaka ya mwanzo ya 2000 na kuua wagonjwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kati ya 2003 na 2005. Jenomu zake, yaani vinasaba vyake vyote, zilisomwa, matokeo yakatoka 2013: koo mbili za aina hii zilizuka Amerika Kaskazini, kila moja ikapata usugu kivyake, na ukoo mmojawapo ukavuka bahari hadi Uingereza, Ulaya bara na Australia.

Kuhesabu wagonjwa kusingekuambia hayo. Wala kusingekuambia kilichoonekana Ulaya, sampuli za nchi 19 za miaka ya 2012 na 2013 ziliposomwa jenomu. Aina ya 027 ilijikusanya kinchi: wa nchi moja walifanana wao kwa wao, dalili kwamba anapita wodi hadi wodi na kwa wagonjwa wanaohamishwa hospitali. Aina ya 078, ambaye hupatikana pia kwa nguruwe, alitawanyika bila kujali mpaka. Wa nchi zilizo mbalimbali walikaribiana mno. Huyo hakubebwa na ambulensi. Huenda alipita kwenye chakula, na hapo hata ukideki wodi usiku na mchana hujamgusa anakotoka.

Kazi hiyohiyo ya Ulaya ilifichua jambo la aibu kidogo. Maabara za rejea zilipima kila sampuli ya kuhara iliyofika hospitali siku iliyochaguliwa, awe daktari ameomba kipimo au hakuomba. Karibu robo ya waliokuwa na maambukizi hospitali zao hazikuwagundua, kwa kuwa hakuna aliyemshuku mdudu huyu. Kwa hiyo nikionyeshwa ramani yenye nchi nyeupe pee, yaani zisizoripoti mgonjwa, swali langu la kwanza ni wanapima sampuli ngapi. Afrika Mashariki mgonjwa wa kuhara hutafutiwa kipindupindu, Shigela au amiba, na antibiotiki zinanunuliwa dukani bila cheti.

Mimi nikipokea fomu ya sampuli huanza na kisehemu kimoja: antibiotiki alizotumia karibuni. Mara nyingi kiko wazi, hakijajazwa, nami nanyanyua simu kumuuliza muuguzi wa wodi.