Wimbo Una Mwenyewe

Karatasi iliyo mbele yangu ina nyimbo 22. Ndizo zilizopendekezwa na wanachama kwa ajili ya siku tatu za taarab ya kuadhimisha umri wa klabu yetu. Nimeipitia kwa kalamu nyekundu, nikatia alama kila wimbo ambao mwenyewe keshafariki. Alama zikafika 13. Nilipomuonesha katibu akacheka: "Sasa maalim, tutapigia watu au tutapigia makaburi?"

Mimi ni mpiga fidla, na kwa miaka mingi nimekuwa ndiye ninayepanga nini kipigwe, na nani, na kwa sauti ipi. Klabu sitaitaja, maana humu mna mambo ya nyumbani. Lakini nataka kueleza kazi hii ya kupanga, kwa sababu wengi wanaokuja kukaa kwenye viti wanadhani tunachagua nyimbo nzuri tu, tukaziweka kwenye foleni.

Aliyenichokoza niandike ni binamu yangu wa Muscat. Alinitumia ujumbe wa sauti akitoka kwenye jumba lao la opera, lile lililofunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot, mchezo wa kuimbwa wa Mtaliano Puccini. Akasema: "Nimekaa pale nikakukumbuka wewe. Huu ni taarab yao. Watu wamevaa, fidla kibao, mwimbaji anasimama analia kwa sauti." Nikamjibu kwamba kwa mavazi na fidla tuko pamoja. Tunapoachana ni pale mwimbaji anaposimama.

Puccini alifariki 1924 opera hiyo hajaimaliza. Akaja mwanamuziki mwengine, Franco Alfano, akaimalizia, na mwaka 1926 ikaoneshwa Milano. Tangu hapo binti mfalme yule wa hadithi keshaimbwa na wanawake wasio na idadi. Sharti ni uwe na soprano yenye nguvu za kutosha, usome kilichoandikwa, uimbe. Nafasi ipo kwenye karatasi inamngoja mtu. Mtu akifa, nafasi inabaki.

Kwetu ni kinyume. Miaka miwili tu baada ya usiku ule wa Milano, 1928, mwimbaji wetu Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili. Jina la mtunzi wa shairi, jina la aliyetia muziki, hayo yanajulikana na wenye kujua. Lakini barazani, mpaka leo, utasikia "wimbo wa Siti". Siti alifariki 1950. Nyimbo bado ni zake. Mwimbaji Bi Kidude alizibeba baadhi yake akazunguka nazo dunia, hata akatunukiwa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, na kila mara alikuwa akimtaja Siti. Hakuna aliyemuona Bi Kidude ni mwizi, kwa sababu alikuwa akitaja.

Ndivyo inavyokwenda hata ndani ya klabu. Mtunzi analeta shairi. Anayejua muziki anakaa nalo siku mbili tatu, analitafutia makamu, yaani mpangilio wa sauti wa wimbo: hijazi, bayati, rasti, nahawandi, au nyengine. Hapo hapo, kabla hata bashrafu ya kufungulia haijafikiriwa, anajua ni nani ataimba, kwa sababu muziki anaupima kwenye koo la mtu. Huyu anapanda vizuri lakini hashuki. Yule ana pumzi fupi, basi tumtilie kipande cha fidla katikati ya mshororo avute roho. Mwengine akifika kwenye neno lenye "kh" analikwaruza kwa namna watu wanayoipenda, basi shairi linasogezwa mpaka neno lile liangukie mwisho. Wimbo unashonwa kama kanzu. Ukimvalisha mwengine, mabega yanaonekana.

Hebu nitunge ubeti hapa hapa, uone jinsi hata maneno yanavyomfuata mtu:

Mashua imeshatweka, yakatiza mikondoni,
Pepo zikibadilika, nahodha yu usukani,
Nawe uliyenicheka, baki papo ufukweni.

Mizani nane kwa nane, mishororo mitatu, vina vya kati na vya mwisho. Ukinipa mimi niimbe huu, ni shairi la bahari. Mpe mwanamke ambaye mji mzima unajua aliachwa mwaka juzi akaolewa mwaka huu, uone jinsi viti vya mbele vitakavyoinuka. Watu watamfuata jukwaani mmoja mmoja, noti mkononi, wanacheza polepole, na kila anayekwenda kutunza anachagua mshororo wake. Anayekwenda kwenye "uliyenicheka" ana mtu wake anayempelekea salamu, na mtu huyo mara nyingi amekaa safu ya tatu anajifanya anatazama simu. Ndiyo maana taarab haiimbwi na yeyote. Fumbo linataka mdomo wa kulifumba.

Kwa hivyo klabu inapotimiza miaka, swali la kwanza ni la mirathi. Na visiwani hapa Zanzibar klabu za umri mkubwa tunazo. Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi tunaiita Malindi, ilianzishwa 1905. Ilipofika miaka 100 mwaka 2005 ilitolewa albamu ya kuadhimisha, na sasa imeshavuka 120. Culture Musical Club imeanza 1958, miaka sita kabla ya Mapinduzi. Kuna klabu za kina mama zilizokuwa na sare, wafuasi na ushindani wa kukata na shoka, Nuru el-Uyun, Sahib el-Ari, Royal Navy, na hizo ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu mengi ya nyimbo zao yaliishia vichwani mwa waliokuwa wakiimba.

Hatukuwa na mazoea ya kuandika nota. Mimi nilijifunza kwa sikio, nyuma ya mzee aliyekuwa akinigonga na uta wa fidla kwenye goti nikikosea. Nota nimezijua ukubwani. Vijana waliopitia chuo cha muziki, DCMA, kilichoanza 2002, wao wanasoma na kuandika, na sasa ndio wanaonisaidia kuziweka nyimbo za zamani kwenye karatasi. Ni kazi njema. Lakini karatasi inakwambia sauti ipande wapi, haikwambii nani karuhusu.

Ruhusa ndiyo iliyonipeleka mitaa ya Ng'ambo, hapa hapa mjini, mwezi wa Rajabu. Ramadhani hatupigi, na taarab yetu ilipangwa kuanza Idi pili, kwa hivyo mazoezi yote yalikuwa lazima yaishe Shaaban. Kati ya wale tisa walio hai, mmoja ni bibi mwenye wimbo ambao, bila ya huo, wazee wangeondoka wakisema hawakuja kwenye taarab. Sauti imemtoka. Mimi nilikuwa na msichana wa miaka 23 nyumbani kwa klabu anayeuweza. Nikachukua sukari, mchele, kilo mbili za pweza aliyekauka, nikapiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na mfuko, basi umekuja na shida."

Nikaeleza. Akanyamaza, akaniuliza msichana ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akanyamaza tena. Halafu akasema nirudi Ijumaa, na nije naye.

Hapa niingize ufundi kidogo, maana ndiko kulikotuumiza. Wimbo ule ni hijazi ya re, yaani inaanzia kwenye sauti ya re; juu yake zinafuata mi, fa na sol. Bibi alikuwa na sauti nzito, ya chini, kama ya mtu anayekusimulia siri. Msichana sauti yake inakaa juu; akiimba kwenye re, ubeti wa kwanza haumtoki, unabaki kifuani. Mtu wa kinanda cha umeme angekwambia si tabu, bonyeza kitufe, pandisha. Ndiyo maana sivipendi vinanda hivyo, na hili nalisema nikijua nusu ya bendi za rusha roho, taarab ya kisasa, zitaninunia. Kwenye ala zenyewe huwezi kubonyeza. Fidla ina nyuzi za sol na re ambazo tunaziacha zilie wazi, na udi pia una nyuzi zake za wazi zinazojibu chini ya wimbo. Ukipandisha hijazi ikaanzia mi au fa, vidole vinapata, lakini nyuzi za wazi zinanyamaza. Muziki unakuwa sahihi, umekufa. Ile ala ya nyuzi nyingi tunayoiita kanuni ndiyo yenye ahueni, kwa vile ina vijiti vidogo vya chuma kando vya kupandisha na kushusha nusu na chini ya nusu, lakini hata mpiga kanuni wetu alinitazama kama niliyemwambia abebe nyumba ahame nayo.

Tulijaribu mi siku mbili. Tukajaribu fa. Waitikiaji wakaanza kukohoa, dalili ya waitikiaji kutopenda jambo.

Ijumaa tukaenda. Msichana akaimba ubeti mmoja, bila ala, kwa sauti aliyojichagulia mwenyewe kwa woga. Bibi akamsikiliza kafumba macho. Alipomaliza akaniuliza mimi, si yeye: "Kwani nani kakwambia umvalishe nguo yangu halafu umkunje mikono? Mwache aimbe hapo alipo." Nikachukua fidla nitafute "hapo alipo" ni wapi. Ilikuwa sol. Wiki nzima tulikuwa tunahangaika na ngazi za katikati, na uzi wa wazi wa pili uko chini ya mkono wangu. Hijazi ya sol, udi unajibu, fidla zinajibu, msichana anapumua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mengine ya upangaji nitayapita haraka. Usiku unafunguliwa na bashrafu, ala tupu bila mwimbaji, na tunaiweka ndefu makusudi kwa sababu kadi inasema saa mbili na watu wa mji huu wanaingia saa tatu na nusu. Waimbaji wawili wasiosemeshana hawafuatani. Mwimbaji mkubwa haanzi wala hafungi. Anawekwa pale ambapo watu wamekwishashiba sambusa na hawajaanza kutafuta viatu. Wimbo wa polepole wa makamu nzito usiufuate wa pili wa namna hiyo, watu watalala. Ngoma ya dumbaki ipumzike.

Kanuni haipumziki. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Mwaka mmoja tulipiga Ngome Kongwe, uwanja wazi, bahari iko pale ng'ambo ya Forodhani. Ikifika saa nne umande unashuka, ngozi inalegea, na zile nyuzi tatu za sauti moja zinaanza kusema maneno matatu tofauti. Mpiga kanuni wetu anakaza mkono mmoja huku anapiga kwa mwengine, na uso wake hauoneshi kitu. Msikilizaji anafikiri ni madoido. Safari hii nimeomba ukumbi wenye paa, na tumepata, ingawa feni zake zina makelele ya mashine ya kusaga.

Nyimbo 13 za marehemu nilizigawa hivi. Nne tulipata wenye haki ya kuzitoa, watoto au wanafunzi wao, wakazitoa kwa watu tuliokubaliana. Mmoja wa watoto alikataa katakata, na wala sikumlaumu; aliniambia kila akiusikia anamuona mamaake jikoni. Tano tumezipiga ala tupu, fidla ya kwanza ikichukua sehemu ya mwimbaji, na watazamaji wenyewe wakaziimba toka vitini, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Tatu zilizobaki tumeziacha kwenye karatasi ya maonesho ukutani, pamoja na majina.

Wimbo wa bibi tuliuweka usiku wa pili, wa tano kutoka bashrafu. Tulimletea gari. Alikaa safu ya mbele, leso mpya, buibui limekunjwa mabegani. Kabla ya kuanza msichana alisema kwenye kipaza sauti, kama tulivyomfundisha: "Wimbo huu ni wa bibi yangu, yule pale." Ukumbi ukapiga vigelegele, fidla zikaingia, akaanza.

Ubeti wa tatu aligeuza neno. Palipokuwa na "nikungoje" akasema "nikuonje". Sijui ulimi uliteleza au alikusudia. Wanawake walipiga kelele, watatu wakainuka na noti. Mimi macho yangu yote kwa bibi. Aliinuka naye, taratibu, mjukuu kamshika kiwiko, akafika mbele, akaibandika noti ya elfu kumi kwenye kipaji cha msichana, akamnong'oneza kitu sikioni.

Baadaye nilimuuliza msichana kaambiwa nini. Akasema: "Kaniambia, lako hilo. La kwangu usiligeuze."