Nukta ya kwenye ramani siyo dhoruba yenyewe

Tarehe 22 Mei 2021, saa 12 asubuhi kwa saa za Bermuda, Kituo cha Taifa cha Harikeni (ndivyo vimbunga vikali vya Atlantiki vinavyoitwa) cha Marekani kilichoko Miami kilitangaza kwamba mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa ukizunguka baharini kaskazini-mashariki mwa kisiwa hicho umekuwa dhoruba ya nusutropiki. Ikapewa jina Ana. Kitovu chake kilikuwa takriban kilomita 320 kutoka kisiwani, na upepo wake mkali kabisa ulikuwa wa kilomita 75 kwa saa. Siku iliyofuata ikageuka dhoruba ya kitropiki, na kabla tarehe 24 haijamalizika ilikuwa imeshakwisha.

Kwa wengi habari ya Ana inaishia hapo. Mimi niliifuatilia nikiwa Tanga, na makosa niliyoyafanya katika kuisoma ndiyo niliyoyaona yakirudiwa miaka mitatu baadaye kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zangu, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Ukimtajia mtu wa kwetu jina Bermuda, atakuuliza habari za ile pembetatu inayosemekana kumeza meli na ndege. Hakuna ushahidi kwamba vyombo hupotea pale zaidi ya bahari nyingine inayopitiwa na vyombo vingi kiasi kile. Bermuda ni visiwa vidogo vya kilomita za mraba 54 hivi, vina watu kama 64,000, na viko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani ya Marekani. Kinachowatia watu wake wasiwasi ni hali ya hewa. Mwaka 2003 Harikeni Fabian iliua watu wanne kwenye barabara ya juu ya maji inayokwenda uwanja wa ndege.

"Nukta imepita mbali, tumenusurika"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote. Nukta ni alama ya kitovu tu kwenye ramani ya utabiri.

Dhoruba ya kitropiki hulishwa na joto la bahari. Mawingu yake ya radi hukikumbatia kitovu, na upepo mkali zaidi huwa karibu na kitovu hicho. Dhoruba ya nusutropiki ina asili mbili. Sehemu ya nguvu yake hutoka baharini, na sehemu hutoka kwenye mgongano wa hewa ya baridi na ya joto. Juu yake angani mara nyingi hukaa hewa ya baridi, na baridi hiyo huiwezesha kuishi hata juu ya maji ya nyuzijoto zisizofika 24, ilhali kimbunga cha kawaida huhitaji maji ya nyuzi 26 na ushei. Matokeo yake ni umbo pana, lililolegea. Upepo wenye nguvu hukaa kwenye mkanda ulio mbali na kitovu, mara nyingi zaidi ya kilomita 100.

Fungua picha ya setilaiti ya dhoruba ya aina hii uitazame kwa utulivu. Katikati utaona mzunguko wa mawingu mepesi ya chini, kama povu la chai iliyokorogwa, na pengine uwazi unaoonyesha bahari. Mawingu mazito yamejikusanya upande mmoja, mbali. Anayekaa chini ya nukta iliyochorwa kwenye ramani anaweza kuwa na upepo mdogo kuliko mtu aliye kilomita 150 kutoka hapo.

Kwa hiyo mtu wa kisiwani akiuliza "kitovu kitapita wapi?" ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni upana wa upepo na upande wake. Taarifa za Miami hutaja upepo wa nguvu ya dhoruba unafika umbali gani kutoka kitovuni, lakini sentensi hiyo iko katikati ya maandishi, na watu husambaza picha tu.

"Ile koni ni ukubwa wa dhoruba"

Koni nyeupe inayotanuka mbele ya nukta haisemi lolote kuhusu ukubwa wa dhoruba. Inaeleza watabiri wanaweza kukosea kiasi gani kuhusu njia ya kitovu. Wanachukua makosa ya utabiri wao wa miaka mitano iliyopita, wanachora duara la kutosha kubeba theluthi mbili ya makosa hayo kwa kila hatua ya muda, kisha wanayaunganisha maduara. Maana yake, mara moja kwa tatu hivi, kitovu kinaweza kupita nje ya koni na utabiri usiwe umefanya jambo la ajabu. Koni pia haibadiliki kwa ajili ya dhoruba moja: inayoyumba na iliyonyooka, mwaka huo huo zinachorewa duara zile zile.

Niliwahi kumwona ndugu yangu akiweka kidole pembeni mwa koni kwenye simu na kusema, "Sisi tuko nje, tulale." Mvua na mawimbi havijui mpaka wa koni.

"Haina jina, basi bado haijawa kitu"

Bermuda ilikuwa imeshatolewa angalizo la dhoruba kabla Ana haijaitwa Ana. Idara ya hali ya hewa ya kisiwa haikusubiri jina, kwa sababu upepo unaotisha kisiwa unaweza kufika wakati wataalamu bado wanajadili dhoruba iingizwe kwenye fungu gani. Jina ni suala la vigezo: kuwe na mzunguko uliofungana (upepo unaokizunguka kitovu pande zote), kuwe na mawingu ya radi ya kutosha, na upepo ufike noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa. Hata hizo za nusutropiki zilianza kupewa majina kutoka orodha ya kawaida mwaka 2002 tu.

Jina nalo huwapotosha watu kwa namna nyingine. Januari 2022 Ana alipiga Madagascar, Msumbiji na Malawi, na kuharibu bwawa la umeme la Kapichira. Huyo ni Ana mwingine kabisa. Bahari ya Hindi ina orodha yake ya majina na Atlantiki ina yake.

"Msimu haujaanza"

Msimu wa Atlantiki huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni, lakini mwaka 2021 ulikuwa wa saba mfululizo kupata dhoruba yenye jina kabla ya tarehe hiyo. Mei 2019 ilikuwa zamu ya Andrea, dhaifu, ya nusutropiki, na iliibuka kusini-magharibi mwa Bermuda hiyo hiyo. Kalenda ni wastani wa miaka mingi. Hata Hidaya alitujia Mei, wakati wengi kwetu walikuwa wanawazia kusi na masika.

"Setilaiti inauona upepo muda wote"

Setilaiti inayotupa picha zile nzuri iko juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita 35,800 hivi, na inachokiona ni mawingu. Upepo hukadiriwa kutokana na sura na mpangilio wa mawingu hayo, na kwa dhoruba za nusutropiki watabiri wana mbinu ya makadirio iliyotungwa mahususi mwaka 1975, kwa kuwa ile ya vimbunga vya kawaida haikai sawa juu yake. Zipo setilaiti za chini zaidi zenye rada zinazosoma mikunjo ya uso wa bahari na kutoa kasi ya upepo. Hizo hupita, zinafagia mikanda miwili yenye pengo katikati, kisha zinakwenda zake. Dhoruba ikiangukia penye pengo, mtabiri atasubiri saa kadhaa.

"Mafuta ya papa hayadanganyi"

Bermuda wana kipimo chao cha jadi, nami nakipenda. Ni chupa ndogo ya mafuta ya maini ya papa, inaning'inizwa nje ya nyumba. Mafuta yakiwa maangavu, hali ni shwari. Yakianza kufanya ukungu mweupe, watu huangalia madirisha yao. Walioikulia huisoma kama wavuvi wetu wanavyosoma wingu la upeoni.

Lakini chupa ya kioo iliyofungwa haihisi mgandamizo wa hewa ya nje. Kinachoyabadilisha mafuta ni baridi, sawa na mafuta ya nazi yanayoganda kabatini asubuhi za Julai. Na kwa kuwa baadhi ya dhoruba huja na hewa ya baridi, chupa hupatia mara nyingine. Ikija dhoruba yenye hewa ya joto, haitasema kitu. Kipimahewa cha kawaida, ambacho mshale wake hushuka mgandamizo unapopungua, kinafanya kazi ambayo chupa inasifiwa kwayo.

"Dhaifu maana yake haina madhara"

Ngazi za harikeni huanza kilomita 119 kwa saa. Mwenye ngalawa hana nafasi ya kungoja ngazi hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa kwetu hutoa tahadhari kwa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, na kila mvuvi anajua kwa nini. Dhoruba pana na dhaifu ikikaa mahali pamoja siku mbili, inasukuma mawimbi yanayosafiri mamia ya kilomita hadi ufuo wenye jua, na hapo mikondo humvuta muogeleaji kwenda kilindini akiwa chini ya anga safi.

Jua pia upande wa upepo. Kaskazini mwa ikweta dhoruba huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo Ana akiwa kaskazini-mashariki mwa Bermuda, upepo wake uliwajia kutoka kaskazini-magharibi. Kwetu kusini huzunguka kama mshale wa saa. Hidaya akiwa mashariki mwa pwani, upepo ulitujia kutoka kusini, kama kusi iliyozidisha, na wengine wakadhani ni kusi tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2024 tulitangaziwa kwamba Hidaya amepoteza nguvu baada ya kuingia Mafia. Taarifa ilikuwa sahihi, na nukta ikaondolewa kwenye ramani. Kwenye kundi letu watu wakatuma shukrani, mmoja akaandika kwamba yametangazwa makubwa bure. Asubuhi barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa imekatika upande wa Kilwa, na mabasi na malori yamepanga foleni Somanga.