Seli za masti: kwa nini mzio hulipuka ghafla

Mtu amekula kamba wa baharini miaka nenda rudi, kisha siku moja midomo inamvimba hata sahani hajaimaliza. Wapo watakaosema ana damu chafu. Damu haihusiki sana hapo. Wahusika wakuu ni seli za masti.

Seli hizi, alizozieleza Paul Ehrlich wa Ujerumani mwaka 1878, ni sehemu ya kinga ya mwili. Hukaa kwenye ngozi, njia za hewa na utumbo, pale mwili unapokutana na vitu vya nje. Ndani yake mna vifuko vidogo vyenye kemikali zilizokwisha kutengenezwa, hasa histamini.

Lakini hazijilipukii tu. Kwanza mwili wa mwenye mzio hukutana na protini fulani, iwe ya kamba, karanga au chavua, ukatengeneza kingamwili (protini za ulinzi) aina ya IgE dhidi yake. IgE hizo hujishikiza kwenye seli za masti na kukaa kama mtego uliotegwa. Hatua hiyo haina dalili yoyote. Protini ileile ikirudi na kuzigusa IgE mbili jirani kwa pamoja, seli humwaga shehena yake ndani ya dakika chache.

Histamini hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje majimaji: ndiyo mabaka, uvimbe na muwasho. Wakati huohuo seli huanza kutengeneza kemikali nyingine, lukotrieni, ambazo hubana njia za hewa kwa muda mrefu zaidi. Saa kadhaa baadaye hufika seli nyingine za kinga, eosinofili, na kuchochea uvimbe upya, na ndiyo maana mwenye pumu anaweza kupata nafuu mchana, kisha akabanwa tena usiku.

Kidonge cha setirizini huzuia histamini isifanye kazi. Hakirudishi kilichokwisha kumwagwa. Kwa muwasho kinatosha. Koo likivimba au presha ikishuka, kinachohitajika ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, mara moja, na kusubiri kidonge kifanye kazi ni hatari.

IgE hupanda pia kwa mtu mwenye minyoo. Kwa hiyo, kwetu huku ambako minyoo si jambo geni, kipimo cha IgE ya jumla pekee hakithibitishi mzio. Afadhali daktari akuulize ulikula nini, na dalili zilianza baada ya muda gani.