Magari ya Chennai: yanayosemwa na ukweli wake

"Kule wanafunga tu spea zilizoletwa na meli." Kuhusu Chennai, jiji la bandari kusini-mashariki mwa India, dhana hii ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Katika kiwanda cha Hyundai kilichopo Irungattukottai, magharibi mwa jiji, chuma huingia kikiwa kimeviringishwa. Hukatwa, hukandamizwa kwenye presi kikawa milango, paa na boneti, kisha roboti huchomelea vipande hivyo vikawa bodi. Bodi huoshwa ili kuondoa mafuta, hupitishwa kwenye fosfeti (kemikali inayosaidia rangi kushika), halafu huzamishwa yote katika tangi la rangi ya kuzuia kutu. Umeme ndio unaoivuta rangi hiyo hadi kwenye kona ambazo bunduki ya kupulizia haifiki. Hapa uzembe ni hatari: mafuta yakibaki, rangi haishiki, na kutu huanzia chini kwa chini miaka mingi baada ya gari kuuzwa. Injini nazo hutengenezwa hapo hapo. Roboti hazimalizi kazi yote. Kupitisha nyaya na kufunga dashibodi bado kunategemea mikono ya watu.

"Yote yalianza na Wakorea." Hapana. Hyundai, kampuni ya Korea Kusini, iliingia India mwaka 1996. Ashok Motors ilianza mwaka 1948, ikaunganisha magari ya Austin A40 huko Ennore, kaskazini mwa jiji, kabla ya kugeukia malori na mabasi kwa jina la Ashok Leyland. Mwaka 1955 ikaja Enfield India na pikipiki za Bullet, na mwaka 1961 Lucas TVS, watengenezaji wa stata. Kampuni za kigeni zilikuta mafundi na watengenezaji wa spea tayari wapo, tena karibu na bandari. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo nguvu halisi ya Chennai.

"Ford ilipoondoka, mambo yakaisha." Ford ilitangaza mwaka 2021 kuacha kutengeneza magari India, na pigo lilikuwa zito kwa wafanyakazi wa kiwanda chake cha Maraimalai Nagar, kusini mwa jiji. Lakini Oragadam, eneo la viwanda karibu na jiji, bado inatoa magari ya Renault na malori ya Daimler. Malori ya Fuso, ambayo Daimler huyatengeneza huko, yaliingia Kenya mwaka 2013. Kinachotishia zaidi ni maji ya mafuriko. Viwanda haviweki akiba kubwa ya spea, kwa hiyo barabara zikifungwa, laini nzima ya kuunda magari husimama, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya Desemba 2015.

Bajaji, kwa taarifa, hazitoki Chennai. Kwao ni jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Pikipiki nyingi za TVS hutoka Hosur, kama kilomita 300 kutoka jijini.

"Nembo inatosha kukuonyesha gari lilikotengenezwa." Soma namba ya chasisi, yenye tarakimu na herufi 17, ambayo mara nyingi huwa chini ya kioo cha mbele. Ikianza na MA hadi ME, gari ni la India. Hyundai ya India huanza na MAL, ya Korea mara nyingi KMH. Modeli yenye jina moja inaweza kuwa na breki au sensa tofauti, kwa hiyo mpe muuza spea namba yote kabla hujalipa.