Nyeupe ao buluu nzito: mambo yenye banadanganyana juu ya rangi za ndani

Karibu kila salo yenye naingia hapa Goma, mwenye nyumba ananianza na ile ile: "Fundi, pakaa nyeupe yote, njo nyumba itaonekana kubwa." Nimechoka nayo, bandugu.

Nyeupe haizalishi mwangaza, inarudisha tu ule wenye umeisha kuingia. Nyeupe safi inarudisha karibu 80 mpaka 90 kwa mia, buluu nzito hata 10 mara mingi haifike. Sasa kama chumba iko na dirisha moja ya kidogo, na hiyo dirisha inaangalia ukuta wa mawe wa jirani, nyeupe itarudisha nini? Inageuka majivu, kwa pembe inakuwa kama sima yenye haijapakwa, na kisha banasema fundi alitia maji mu rangi! Chumba ya kulala ya vile, mi napaka buluu nzito kuta zote ine na mulango pia: pembe zinapotea, jicho halijue fasi ukuta unaishia, chumba inatulia. Kitu yenye inafupisha chumba ni kukata ukuta katikati, buluu chini nyeupe juu, na hiyo njo banaomba kila siku. Ule mustari unavuta macho, plafo inaonekana imeshuka. Unapenda rangi mbili? Salo kama ni ndefu na nyembamba, tia buluu kwa ukuta wa mwisho, ule mufupi, inausogeza karibu. Ule wenye unaangaliana na dirisha uache nyeupe, njo wa kwanza kupokea mwangaza.

Ile ya "chumba ya upande wa kaskazini ni ya baridi" ni ya Ulaya, fasi jua ya saa sita inabakia kusini mwaka muzima. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, jua ya saa sita inapita kaskazini mwezi wa 6, kusini mwezi wa 12. Angalieni mashariki na mangaribi, basi.

"Buluu inaficha uchafu." Hapana! Vumbi nyeusi ya volkano inaonekana kwa nyeupe, ni kweli, lakini buluu yenye haing'ae inaonyesha kila fasi kichwa na bega vinagusa nyuma ya kiti, na ukipangusa panang'aa zaidi. Ombeni satine, ile rangi yenye inang'aa kidogo.

Na nyeupe kushi moja, ni kusema kupaka mara moja tu, juu ya buluu ya zamani, hapana kabisa. Rangi ya msingi kwanza, kisha kushi mbili.

Tena musichague kwa kakaratasi ka duka. Pakeni mita moja kwa mita moja kwa kuta mbili, muangalie asubuhi, mangaribi, na usiku na ampuli yenu wenyewe, sababu ampuli ya njano inafanya buluu ikufe, karibu nyeusi, na hiyo muione mbele ya kulipa ndoo zote.